Siku Tisini za Mbuzi

Mbeleje alifika Itumbako saa nne asubuhi, jua limeshakaa vibaya, dumu tupu mkononi na hasira aliyoanza nayo safari kilomita tisa nyuma. Hakuomba kiti. Alisimama mlangoni pa karakana, akamtazama mzee aliyejikunja mbele ya skrini mbili kama fundi saa, akauliza:

"Ndahani Masima ni wewe?"

"Ndimi. Mbukwa, mwanangu."

Salamu ya Wagogo hairukwi, hata uwe umekuja kumvunja mtu meno. "Mbukwa, mzee," akaitika shingo upande. "Jina lako nimeliona kwenye mlango wa maji. Maandishi madogo, chini kabisa, kama mtu anayejificha. Mama yangu ameweka kiganja, mashine ikamwambia: hayupo. Chini yake ikaandika: kipande hiki kimetungwa na Ndahani Masima wa Itumbako. Nimekuja uniambie, mama yangu ulimwona wapi amekufa?"

Ndahani alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayeona mgeni amekosea nyumba.

"Mlango wa maji si wangu. Huo ni wa Baraza la Maji."

"Jina ni la nani?"

"Jina ni langu. Hicho kitakuwa kipande cha *yupo*. Lakini hicho, mwanangu, nilikitunga kwa ajili ya mbuzi."

"Basi mama yangu ni mbuzi. Ongea, nakusikiliza."

Mzee akageuka kutoka kwenye skrini. Akavuta kigoda kwa mguu, akampa. Mbeleje akaweka dumu juu ya kigoda, yeye akabaki amesimama.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Mama yake, Nyemo, na kaka zake wawili, pamoja na wake zao na watoto, jumla watu kumi na mmoja, walihamisha ng'ombe mbuga za magharibi baada ya malisho kuisha. Walikaa huko miezi mitano. Kule hakuna mashine ya Baraza hata moja, wala mahali pa kuweka kiganja ukaonekana. Wamerudi na ng'ombe wanne kati ya sitini. Mbeleje, aliyebaki nyumbani kulinda shamba, ndiye peke yake ambaye mlango unamfungukia. Lita zake kumi na mbili za siku anagawana na wote, kwa kificho, kwa sababu kumpa maji asiyekuwepo ni wizi, na askari wa mlango akikukamata anayamwaga mbele yako. Leo ilikuwa siku ya nne.

"Mama hasimami tena," alisema. "Jana alilamba ukuta wa tangi kwa nje, palipokuwa na ubaridi. Mama yangu huyo alikuwa anatandika watu wazima fimbo."

Ndahani akageukia skrini, akakifungua kile kipande. Kilikuwa na mistari tisa tu ya programu. Alikitunga miaka thelathini iliyopita, bado ana meno yote, kwa ajili ya ukurasa wa josho la kijiji. Kazi yake ilikuwa nyepesi: unakipa siku ambayo mnyama alionekana mara ya mwisho, chenyewe kinahesabu siku mpaka leo, zikizidi tisini kinajibu *hayupo*, zisipozidi kinajibu *yupo*. Tisini aliambiwa na mjomba wake. Mbuzi asiyekuja joshoni miezi mitatu, mjomba alisema, huyo keshakuwa mavi ya fisi, mfute. Akaandika tisini.

Kisha akakiweka Ghalani, kama ilivyokuwa desturi yao. Ghala hilo walilianzisha watu saba, yeye mmoja wao, wengi wakiwa watu wa kujifunzia kwenye vibanda vya kutengeneza simu. Kila mtu anaweka vijipande vyake vidogo vya kutengenezea kurasa za mtandao, cha kupanga foleni, cha kupima tarehe, cha kusoma kiganja. Mwenye shida anachukua bure, anaunga na vya wenzake, ukurasa wake unasimama ndani ya siku moja. Sheria zilikuwa tatu. Anayechukua apige hodi, yaani amwandikie mwenye kipande: mimi fulani, nakipeleka mahali fulani, kwa kazi fulani. Kipande kibaki kimefungwa kwa kamba, ili mwenyewe akirekebisha kosa, marekebisho yawafikie wote waliochukua siku ileile. Na mwenye kipande asigeuze maana yake kwa siri, atangaze siku thelathini kabla. Kukata kamba kuliruhusiwa, ila kulionekana ukosefu wa adabu, kama kuhama nyumba bila kuaga.

"Waliokichukua wangapi?" Mbeleje aliuliza.

"Elfu tatu na kitu."

"Na wote walikupigia hodi?"

"Wote. Ni lazima."

"Kwa hiyo Baraza nalo lilikupigia."

Hapo Ndahani alianza kujikuna shingo. Ukweli ni kwamba hodi alikuwa hazisomi. Mwaka aliokuwa akimuuguza mkewe, hodi zilimiminika mpaka akashindwa kulala, akatunga kipande kingine kidogo, mistari minne, cha kuwajibu watu kwa niaba yake. Mke alifariki. Kile kipande kikaendelea kujibu. Watu walimsifu Ghalani kuwa mzee Ndahani hamnyimi mtu jibu.

Akatafuta hodi ya Baraza la Maji. Ilikuwa ya miaka sita nyuma. Mbeleje akainama juu ya bega lake, wakaisoma pamoja.

*Hodi, mzee Ndahani. Mimi Mwaisaka, injinia wa Baraza. Tunataka kukitumia kipande chako cha yupo kwenye milango ya maji, tujue nani wa kugawiwa. Jambo moja linanitia wasiwasi. Naona ulikipima kwa mbuzi. Je, siku tisini zinafaa kwa binadamu, hasa wafugaji wanaohama? Nitasubiri neno lako kabla sijafanya lolote.*

Chini yake lilikuwepo jibu: *Karibu sana. Kichukue, kitumie, kisikupe shida. Ndahani.*

Kati ya swali na jibu ilipita sekunde moja.

"Ulifikiri haraka, mzee," Mbeleje alisema.

Ndahani akainuka. Alizima skrini, akachukua kofia.

*

Ofisi ya Baraza ilikuwa na kivuli na benchi la kungojea, na saa sita mchana haikuwa na mtu. Wenye shida walikuwa hawaonekani na mlango, kwa hiyo hawakuingia. Ndahani aliweka kiganja, akafunguliwa. Mbeleje alikataa kuingia. Alisema akimwona injinia atafanya jambo ambalo halitamsaidia mama yake.

Mwaisaka hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mnene, amechoka, miwani imefungwa uzi, na alipolisikia jina la mgeni alisimama akashika mkono kwa mikono miwili.

"Mzee wangu! Wewe ndiye uliyenitoa kwenye shimo. Tazama." Akaonyesha ukutani. Lile jibu la mstari mmoja lilikuwa limebandikwa kwa gundi, karatasi imekuwa ya njano. "Wiki nzima nilikuwa silali. Wakubwa wananiambia weka, mimi nasema ngoja kwanza nimuulize mwenye kipande. Uliponijibu nikapata nguvu."

"Mwanangu, ile haikuwa mimi."

Akamweleza. Mwaisaka alisikiliza, mikono ikiteleza mezani polepole, mpaka akakaa.

"Ungeniambia wakati ule," alisema mwishoni.

"Nakuambia sasa. Kuna watu kumi na mmoja mlangoni pale wanakufa. Badilisheni."

"Mzee, si kumi na mmoja. Ni elfu nne na mia mbili ukanda mzima. Unajua zile lita kumi na mbili zimepatikanaje? Zimegawanywa bila wao. Nikiwarudisha zinakuwa tisa, na mimi nipeleke karatasi juu nieleze kwa nini watu elfu nne wamefufuka. Nani ataisaini?"

"Waende basi wakaandikishwe upya."

"Waandikishwe wapi?"

"Si kuna ofisi ya uandikishaji?"

"Ipo. Mlango wake nao..." Mwaisaka akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Kipande ni hicho hicho, mzee. Tulikipenda."

Feni ya darini ilizunguka. Ndahani alikuwa na la kufanya, na alikuwa amelijua tangu njiani. Kamba ilikuwa bado ipo. Akikigeuza kipande kwake Itumbako, milango yote ingegeuka bila saini ya mkubwa yeyote. Ila hapo kuna ile sheria ya siku thelathini, na sheria hiyo aliiandika yeye kwa mkono wake, baada ya kijana mmoja kugeuza kipande cha foleni kwa hasira za mapenzi akafunga kurasa za wilaya tatu. Mgeuzaji wa siri hufutwa jina Ghalani, na vipande vyake vyote, kwa Ndahani arobaini na sita, hupigwa kufuli, hakuna jipya kuongezwa. Hiyo ilikuwa kazi yake yote ya duniani. Mtoto hakujaliwa.

Na angeweza kunyamaza, akaenda akafanya. Mtu mwingine angenyamaza. Lakini Ndahani alikuwa ameishi miaka thelathini akiwafundisha vijana kwamba humgeuzii mtu kitu ulichompa bila kumtazama usoni, na siku hiyo, akiwa na aibu ya zile hodi elfu tatu, alitaka angalau moja aipige vizuri.

"Injinia," alisema, "siku thelathini sitangoja. Leo kabla jua halijazama nakibadilisha. Sikuzunguki, nakuambia uso kwa uso."

Mwaisaka akachukua kalamu. "Nimekusikia, mzee," akajibu, na akaandika neno kwenye karatasi. Akamsindikiza mpaka mlangoni, akamtakia safari njema.

Nje Mbeleje aliuliza imekuwaje. Ndahani akamsimulia yote, neno kwa neno.

"Ngoja," Mbeleje alisema. "Umemwambia?"

"Ndiyo adabu yetu."

"Umeenda kwa aliyekufungia nje, ukamwambia saa utakayopita dirishani."

"Huyu si mtu wa namna hiyo. Amekibandika kijibu changu ukutani."

Mbeleje akageuka. Alitangulia mbele, dumu likimgonga goti.

*

Alikibadilisha saa kumi na moja jioni. Alikaa saa mbili nzima kabla ya kugusa kitu, akiwapitia wale waliokichukua, mmoja mmoja, kwa mara ya kwanza: majosho, shule, vyama vya kuzikana, zahanati, kwaya moja inayotaka kujua nani bado ni mwimbaji. Wote walikuwa wadogo, na wote walikuwa wameuliza kwa heshima wakapewa jibu la sekunde moja. Alifikiria kuongeza siku, ziwe mia mbili, ziwe mwaka. Lakini wafugaji wengine wa kusini walikaa mbugani miaka miwili. Popote ambapo angeweka namba, palikuwa na mtu wa kuachwa upande wa pili. Mwisho akaona heri aifute namba yenyewe. Yeyote aliyewahi kuonekana, kipande kijibu *yupo*. Akajipa moyo kwa hoja iliyoonekana haina tundu: mbuzi wachache watahesabiwa zaidi, kwaya itaita waimbaji waliohama. Nani ataumia kwa kuambiwa mtu yu hai?

Akafuta mstari. Akatuma. Dakika tano baadaye Ghala likamfungia jina na kupiga kufuli vipande vyake arobaini na vitano. Cha *yupo* peke yake kiliachwa wazi siku saba, kama sheria ilivyotaka, ili mkosaji apate nafasi ya kurudisha alichoharibu. Alipika uji, hakuunywa.

*

Saa moja asubuhi alikuwa mlangoni pa maji, kompyuta ndogo ndani ya mfuko wa shanta. Watu walikuwa kwenye mstari, na kando ya mstari, kwenye mchanga, wamekaa wale kumi na mmoja. Mama Nyemo alikuwa amelazwa juu ya khanga, macho yake makali yamezama ndani.

"Ndiye huyu?" akauliza.

"Ndiye, mama," Mbeleje akajibu.

Kikongwe akamchunguza Ndahani toka kofia mpaka viatu. "Mbona mtu mzima kabisa. Mimi nilidhani ni mtoto aliyekuwa anachezea."

Kaka mkubwa akamnyanyua mama, wakamsogeza mpaka kwenye bati la kiganja. Watu wa mstarini wakatazama, wengine kwa huruma, wengine kwa hesabu za lita. Ndahani aliushika mwenyewe ule mkono mkavu, akaufungua vidole, akaubandika.

*Hayupo.*

Akaufuta kwa shati lake, akaubandika tena. *Hayupo.* Wakajaribu mkono wa kaka, wa mkewe, wa mtoto wa miaka minne aliyedhani ni mchezo na kutaka kurudia. Hayupo, hayupo, hayupo.

Ndahani akachuchumaa, akafungua kompyuta, akatazama orodha ya kamba. Elfu tatu na kitu zilikuwa zimepokea mabadiliko tangu jana. Ya Baraza ilikuwa imekatwa saa saba mchana, wakati yeye na Mbeleje hawajafika hata nusu ya njia ya kurudi. Walikuwa wamebaki na nakala yao, ya tisini, ya kwao milele.

"Amekata?" Mbeleje aliuliza kutoka juu yake.

"Amekata."

Hakusema nilikuambia. Ingekuwa afadhali angesema.

Simu ikaita. Ndahani alitaka kuikata, kidole kikakosea, sauti ya mwanamke ikatoka hadharani kwa wote kusikia.

"Mzee Ndahani? Mimi Peresi, nesi wa zahanati ya Chisalu. Samahani kukusumbua asubuhi."

"Sema, mama."

"Mzee, ukurasa wetu wa chanjo umefanya nini? Wenyewe unawapigia akina mama simu walete watoto. Mtoto akiacha kuonekana unamwacha, sisi hatuna daftari jingine. Jana jioni uliwapigia thelathini na wawili, sikukagua, nimezoea kuuamini. Sasa hapa nina mama mmoja ametembea tangu saa kumi na moja alfajiri, hana mtoto mgongoni. Ananiuliza, nesi, mmenipigia nimlete Yohana, mmempata wapi?" Nesi akashusha sauti. "Yohana alifia mikononi mwangu mwaka juzi, mzee. Nimemwambia. Anasema mashine imesema yupo. Amekaa kwenye benchi, anangoja."

Mstari wote wa maji ulikuwa unasikiliza.

"Kata kamba, Peresi," Ndahani alisema. "Baki na kile cha zamani."

"Mimi ni nesi, kukata kamba nitakujulia wapi? Aliyetutengenezea alihamia mjini. Jumatatu utawapigia mia na arobaini. Na jirani zangu wa chama cha kuzikana wamekataliwa pesa za wafiwa tangu jana, wanaambiwa marehemu wa mwaka jana yuko hai. Kirudishe, mzee wangu. Nakuomba kama mzazi. Kirudishe sasa hivi, huyu mama nipate cha kumwonyesha."

Simu ikakatika, au aliikata mwenyewe, hakukumbuka baadaye.

Alikaa chini kabisa, mchangani, kompyuta juu ya magoti. Mbele yake ule mstari aliouacha wazi, na nafasi ya namba. Waliokuwa wakimfuata kwa uaminifu ndio peke yao aliowafikia, na kwao wote alikuwa amefufua wafu. Aliyetaka kumfikia hakufikika. Alisogeza mikono kwenye vitufe.

"Unaandika nini?" Mbeleje aliuliza. Kwa muda mfupi sauti yake ilikuwa na matumaini, na Ndahani angetoa jicho lake moja asiisikie.

"Narudisha."

"Unarudisha nini?"

"Tisini."

Mtoto wa miaka minne alikuwa bado anapiga bati kwa kiganja, mashine ikimjibu kila mara. Mama Nyemo, ambaye macho yake yalikuwa yamefumbwa, akauliza kuna nini, na kaka mkubwa akainama akamweleza sikioni kwa Kigogo, kirefu, kama mtu anayemweleza mgonjwa kuhusu dawa. Kikongwe akatikisa kichwa, hakujulikana amekubali au amekataa.

Ndahani akaandika tisini. Akasoma mistari yote tisa toka juu mpaka chini, kama alivyozoea kabla ya kutuma kitu kwa watu. Akatuma.

Mbeleje alisubiri amalize. Kisha akaenda mwanzo wa mstari, watu wakampisha bila kuambiwa, akaweka kiganja chake, mlango ukafunguka, akatoka na dumu limejaa. Askari alikuwa anatazama upande mwingine kwa bidii. Akamnywesha mama yake palepale mbele ya wote, akawanywesha watoto, akafunga kifuniko, akalitwika. Kaka zake wakamnyanyua mama, mmoja kichwani mmoja miguuni.

"Tunaelekea magharibi," alisema Mbeleje. "Nami ninakwenda nao. Kule nyuma ya milima inasemekana kuna kisima cha zamani ambacho Baraza halijakiandika. Wewe mtu wa hapa, umri wote huo. Kina maji?"

Ndahani aliinua uso. Miaka sitini na saba alikuwa ameishi Itumbako, na milima ile aliiona kila siku kutoka dirishani mwa karakana, juu ya skrini.

"Sijui," akasema. "Sijawahi kufika."